Moto Waliousahau Uani Kwetu

Mimi ni mtu wa kujivuna, na sijaanza leo. Wenzangu wakikaa kusimulia walikotoka, huyu atamtaja mkuu wa wilaya aliyesoma naye, yule atamtaja mjomba wake aliyepanda ndege kabla ya watu wote. Mimi humtaja mama yangu, aliyekaa ndani ya chumba kimoja akagoma kutoka wakati kijiji kizima kikimsubiri nje. Halafu nawataja wanakijiji wale wale waliomnyima moto. Watu hushangaa nawezaje kujivunia pande mbili za ugomvi mmoja, na kabla sijamaliza kueleza wameshanikatiza. Leo hakuna wa kunikatiza.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, upande wa Msalala, katika kijiji ambacho ukitoka Bugarama unafika kwa baiskeli kabla jua halijawa kali. Baba yangu alihamia huko kutoka Shinyanga mjini akiwafuata wachimbaji wa dhahabu. Yeye mwenyewe hakuchimba. Aliwauzia chai, maandazi na maharage kwenye kibanda cha mabua ya mtama, akisema dhahabu ya uhakika ni njaa ya mtu anayechimba. Mama alikuwa mtu wa mjini, amelelewa karibu na Ibadakuli na bibi yake mwenye asili ya Ujiji, mwanamke aliyeshika dini kwa mikono miwili na hakuachia hata kidole. Kisukuma cha mama kilikuwa cha sokoni: bei, salamu, na maneno mawili ya kumfukuza mlevi. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nikifundisha kisomo cha watu wazima kwenye ghala la pamba, na Kisukuma nilikuwa nakisema tangu nikicheza vumbini na watoto wa jirani.

Baba aliugua kifua, akafariki. Hapo ndipo nilipokijua kijiji kile. Sisi tulikuwa Waislamu peke yetu pale, tukiwaondoa wachimbaji wa kupita, lakini kabla hatujamaliza kumfunika marehemu uso, wanawake walikuwa wameshafika na maji kichwani. Wanaume walichimba kaburi kwenye ardhi iliyokauka mpaka majembe yakalia. Maalimu alipofika kutoka Kahama na kusema kaburi lielekee upande mwingine, hawakununa, walichimba upya. Wakati wa kumsalia walisimama mbali, wamevua kofia zao, maana hawakujua wafanye nini na hawakutaka kukosea. Hakuna aliyekwenda shambani. Wanawake walilala uani kwetu, wakapika, wakafua, wakamlazimisha mama kunywa uji. Aliyewaongoza alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamuru ng'ombe. Wote tulimwita Mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma, na hata waliomzidi umri walimwita hivyo hivyo.

Watu walipotawanyika mama alikaa eda. Alivaa bafta nyeupe, akaingia chumbani, na huko alipaswa kukaa miezi minne na siku kumi: hatoki, hajipambi, hasemi na mwanamume asiye maharimu wake. Miaka mingi baadaye masheikh waliniambia kwamba dini haikumkataza kumjibu mtu aliyeita kwa haja. Inawezekana. Lakini mama hakufundishwa na masheikh hao, alifundishwa na bibi yake, na bibi yake hakuwa mtu wa kujadiliana naye.

Eda ilipokuwa bado changa nilimsindikiza shangazi yangu, dada wa baba, kurudi kwake Shinyanga. Nilikaa huko zaidi ya nilivyopanga kwa sababu usafiri ulikuwa wa kubahatisha. Ukipata lori la pamba ushukuru. Niliporudi nilimkuta mama amekaa sakafuni anatafuna michembe mikavu na kuisukumia kwa maji baridi. Ile michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa, huwa tunaichemsha na karanga. Ukimwona mtu mzima anaitafuna mikavu ujue kuna jambo.

"Moto umezimika," alisema.

"Basi nakwenda kwa Mayu nikachukue kaa."

"Usiende. Watakunyima."

Nilidhani ni majonzi yanasema. Nikachukua kigae, nikavuka njia. Mayu alikuwa anapepeta mtama mlangoni. Nilipiga goti nikamsalimu, naye aliendelea kupepeta. Huyo ndiye aliyenishika mkono baba anashushwa kaburini. Nilisimama pale na kigae changu mpaka akamaliza ungo wake, nikarudi nyumbani nalia kwa hasira.

Mambo yalikuwa hivi. Nilipokuwa safarini, kitinda mimba wa Mayu, kijana wa machimbo, alifukiwa na kifusi shimoni. Mpiga mbiu alizunguka nyumba kwa nyumba kutoa habari, na kwetu alifika pia, akasimama uani na kuita. Mama alikuwa ndani. Alimsikia, akatambua ni mwanamume, akanyamaza. Aliita tena, naye akanyamaza tena. Mpiga mbiu aliona viatu vya mama mlangoni na akamsikia akikohoa. Alirudi msibani kusema alichokiona: yule mama yumo ndani, amenisikia, hakutaka kuitika.

Kwa kijiji kile hakukuwa na kosa zito kuliko hilo. Ungeweza kugombana na watu, kulewa, kuchelewa palizi, wakakusema wakachoka. Lakini msiba ulikuwa wa wote. Asiyefika na maji yake au kuni zake, na hakutuma neno, aliwekwa kando: hapewi moto, hasaidiwi kulima, kisimani wenzake wanasogea pembeni mpaka amalize kuteka, na siku akifa yeye hakuna jembe litakalonyanyuliwa. Na huyu waliyemnyima moto walikuwa wametoka kumzikia mume juzi tu. Hiyo ndiyo iliyowauma. Nisiwafiche, ingeniuma hata mimi.

Nyakati zile moto haukuwa jambo la mzaha. Viberiti vilikuwa vimepotea madukani pamoja na sabuni na sukari. Duka la kijiji lilikuwa na nyembe, daftari na mwenye duka anayesinzia. Kila nyumba ilitunza kaa lake jivuni, na likifa unakwenda kwa jirani. Mimi nilikuwa nakwenda machimboni, kwa wachimbaji wasiojua habari zetu, narudi na kaa ndani ya kopo nikilipuliza njia nzima. Mvua ikinikuta, siku hiyo tunalala na michembe.

Nilikwenda kwa wazee kueleza. Walinipokea vizuri, wakanipa kigoda, wakanisikiliza mpaka mwisho. Kisha mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Mwanetu, sisi hatuijui eda. Tunajua maiti. Aliyeitwa ni yeye na aliyenyamaza ni yeye. Aje aseme mwenyewe mbele ya watu, atoe mbuzi wake, yaishe."

"Hawezi kutoka."

"Basi tutamsubiri mpaka mtama uvunwe. Ukishavunwa hajaja, atafute kijiji kingine."

Mtama ungevunwa kabla eda haijaisha. Hata asiyejua hesabu aliliona hilo. Shangazi alipopata habari alituma mtu: fungasheni, rudini mjini, chumba kipo. Nilifurahi, nikaanza kukunja mikeka. Mama aliniangalia nikikunja mpaka wa pili, ndipo akaonyesha kwa kidevu dirishani, upande lilipokuwa kaburi la baba, nyuma ya kibanda chake cha chai.

"Na huyu nimwachie nani?" aliuliza.

Nikakunjua mikeka. Kuanzia siku hiyo nilijua kinachogombewa. Hakikuwa kaa la moto. Mama alitaka kubaki karibu na mumewe bila kumvunjia eda, na mambo hayo mawili hayakuwa yakikaa nyumba moja.

Wakati huo ndipo alipofika msomi mmoja kutoka chuo kikuu, mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyevaa raba na sketi ndefu na kubeba mkoba uliojaa penseli. Katibu wa kijiji alimtambulisha kuwa amekuja kuchunguza tabia njema. Watu waliguna. Mmoja aliuliza kama imepotea.

Alihitaji mkalimani, na kijiji kizima mwenye Kiswahili cha shule na Kisukuma cha nyumbani nilikuwa mimi. Katibu alikwenda kuwauliza wazee kama inafaa, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa imetengwa. Wazee walijadili wakatoa uamuzi ambao mpaka leo unanichekesha: sauti yake tutaitumia, moto hatutampa.

Nilimpenda yule msomi. Hakujifanya anajua. Tulipokuwa tukitembea kutoka nyumba hadi nyumba alinieleza kwamba huko kwenye vyuo watu walikuwa wameanza kuuliza upya maswali ambayo zamani waliwaachia mapadri na masheikh: mtu anajuaje kuwa hili ni jema? Amefundishwa na mama yake, au na macho ya majirani? Na wema wa Mmasai, wa Mzinza na wa mtu wa Unguja ni kitu kimoja, au kila utamaduni una wa kwake? Alikuwa na visa vifupi vya kubuni, kila kisa kina mtu aliyebanwa katikati ya mambo mawili, na alitaka kila mwanakijiji aseme mtu huyo afanye nini. Lakini jibu lenyewe halikumshughulisha sana. "Usiishie kwenye jibu," aliniambia. "Kila mara tuulize kwa nini. Humo kwenye kwa nini ndimo mtu alimo." Kisha akanipa sharti: nitafsiri kinachosemwa, nisiongeze, nisipunguze, nisimsaidie mtu.

Kazi ilianza kwa vituko. Kisa cha kwanza kilikuwa cha mtu aliyemkuta ng'ombe wa jirani akila mtama wake, na hakuna shahidi. Amrudishe kimyakimya au amfunge adai fidia? Mzee wa kwanza tuliyemuuliza alifikiri sana.

"Ng'ombe wa rangi gani?" akauliza.

Msomi alisema rangi haina maana.

"Haina maana vipi? Rangi ndiyo itakayoniambia ni wa nani. Nikishajua ni wa nani ndiyo najua la kufanya."

Sharti lingine la msomi lilikuwa kumhoji mtu akiwa peke yake. Hilo nalo lilikataa. Kijijini kwetu anayekuvuta pembeni mnong'one wawili ama ana umbea ama ana dawa mbaya. Kila tuliyemketisha peke yake alisimama akawaita ndugu zake, ndugu wakaita shemeji zao, na jibu likatolewa kwa makubaliano baada ya mabishano makali. Msomi mwanzoni alihangaika. Siku ya tatu nilimwona ameweka penseli chini, anacheka, anafuatilia mabishano kwa macho kama mtu anayetazama mpira. Jioni ile aliniambia huenda alikuwa amekuja na kipimo cha kumpimia mtu mmoja mmoja mahali ambapo watu hawafikiri mmoja mmoja. Aliyasema hayo kwa furaha. Nilijivuna siku hiyo kwa niaba ya watu walioninyima moto, na nikajishangaa.

Zamu ya Mayu ilifika. Nilimwomba msomi tuiruke nyumba ile, akaniuliza kwa nini, nikamwambia. Aliniangalia sana. Alisema naweza kupumzika siku hiyo nikitaka. Sikutaka. Nilitaka Mayu aniangalie usoni, kama si kwa salamu basi kwa kazi.

Alitupokea uani. Alikuwa amenyolewa kwa ajili ya mwanawe na nywele zilikuwa ndiyo kwanza zinachipua, nyeupe. Msomi alimpa pole, nami nikaitafsiri pole ile. Alimsimulia visa viwili vitatu. Mayu alisikiliza huku akimenya karanga, kisha akasema neno kwa msomi bila kunitazama.

"Hadithi zako ni nyembamba. Hazina watu. Ngoja nikupe ya kwangu, na wewe uniambie."

Nikatafsiri.

"Alikuwapo mwanamke mgeni. Mume wake alikufa. Tulimbeba, tulimzika, nilimlaza mwanamke yule mapajani kwangu. Kisha mwanangu akafa. Tulimwita, akanyamaza. Nilikaa nikaangalia njia. Nilisema moyoni, hata akija bila maji, hata akija mikono mitupu, aje tu. Hakuja. Wewe uliyesoma, niambie, mtu huyo ni mtu gani?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Mdomo wangu ulikuwa umejaa: yuko eda, Mayu, yuko eda, alitaka kuja. Lakini nilikuwa nimekubali sharti. Tena nilijua kwamba nikisema mimi litakuwa tena neno la mtoto anayemtetea mama yake, na hilo walikuwa wameshalisikia. Nikanyamaza.

Msomi naye hakunisaidia. Aliuliza swali lake la kila siku.

"Kwa nini alinyamaza?"

Nikatafsiri. Mayu akaacha kumenya. Karanga zilibaki mkononi.

"Sijui," alisema hatimaye. "Binti yake alisema habari za dini yao. Wazee walisikia. Mimi sikuwepo."

"Yeye mwenyewe aliulizwa?"

"Aliitwa."

"Na nani?"

"Na mpiga mbiu."

Hapo akaziweka karanga chini. Aliangalia ng'ambo ya njia, nyumbani kwetu, mlango uliokuwa umefungwa muda wote ule. "Gashi!" alisema, ndiyo kumbe, lakini kumbe ya mtu aliyejigonga. "Nilimtuma mwanamume kwa mwanamke aliyefiwa." Akakung'uta maganda mapajani, akainuka. Kwa mara ya kwanza tangu niliporudi safarini alinitazama mimi. "Twende," aliniambia. "Nitamuuliza mwenyewe."

Msomi alibaki kwenye kigoda chake. Alisema hilo halikuwa la kuandika. Kwa neno hilo moja namheshimu mpaka leo.

Mayu hakuingia ndani kwetu. Alikuwa bado chini ya amri ya wazee, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja amri aliyoisaidia kuiweka. Alikaa chini nje, mgongo ukutani, karibu na dirisha la chumba cha mama. Mama alikaa ndani, mgongo kwenye ukuta ule ule. Mimi nilikaa mlangoni katikati yao, nikitafsiri, siongezi wala sipunguzi.

"Kwa nini ulinyamaza?" Mayu aliuliza.

"Bibi yangu alinifundisha kwamba mwanamke akiwa eda sauti yake ni ya mumewe. Mliyemzika ninyi ndiye niliyekuwa namlinda."

"Na mwanangu?"

Mama akasema maneno ambayo hata mimi sikuwa nimewahi kuyasikia.

"Mwanao alikuwa anakunywa chai kwetu kila asubuhi kabla ya kushuka shimoni. Sukari ilipokwisha nilimpa chai kavu. Akainywa, akasema, mama, leo umezidisha sukari. Kila siku hivyo hivyo. Wenzake wakacheka, na chai kavu ikanyweka. Kikombe chake chenye ufa nimekiweka huku ndani, sikutaka mtu mwingine akinywee. Nimemlilia humu peke yangu, sina wa kunipokea kilio. Mwambie, mwanangu. Mwambie vizuri."

Nilimwambia vizuri kadiri nilivyoweza. Mayu aliegemeza kichwa ukutani. Machozi yalimtoka bila sauti, naye hakuyafuta. Ndani nilimsikia mama akipenga kamasi kwenye bafta yake.

Ungefikiri yaliishia hapo. Hapana. Mayu aliinuka akasema, "Bado hujafika msibani," akaenda zake. Nilimkasirikia kuliko mwanzo. Nilimwambia mama kuwa watu hawa wana mawe kifuani. Mama akanijibu kwamba yeye asingeweza kumlaumu mtu anayeshika sharti lake hata likimuuma, kwa sababu angekuwa anajilaumu mwenyewe.

Kesho yake Mayu alikwenda kwa wazee, na yaliyosemwa huko niliyapata kwa waliokuwepo, kila mmoja akisimulia kwa kuiga sauti yake. Aliwauliza sharti linasemaje. Wakamwambia: mtu afike msibani, alie na wenzake, alete maji. Akauliza kama lipo neno linalosema msiba hauwezi kumfuata mtu nyumbani kwake. Mmoja akakumbusha habari za mbuzi. Mayu akamjibu kuwa aliyefiwa ni yeye, na yeye hajaona mbuzi anayejua kulia. Walicheka, na mtu akishacheka ameshalegea. Wakasema, kama mwenye msiba ameamua kuuhamisha msiba wake, ni wake.

Sijapata kuona jambo lile tena mahali popote, wala sijasikia kwamba lilifanyika kabla. Asubuhi moja wanawake wa kijiji walivuka njia mmoja baada ya mwingine na mikeka yao, na Mayu mbele, amejifunga kitambaa cha matanga. Waliingia uani kwetu wakakaa. Walikuja na kuni na kijinga cha moto kutoka kwa Mayu, wakawasha moto wa msiba katikati ya uwanja, kwa maana matanga hayakaliwi bila moto. Kisha Mayu akaanza kumlilia mwanawe upya, kwa sauti ya siku ya kwanza, na wenzake wakampokea.

Mama alifungua dirisha. Hakutoka, aliweka mikono kizingitini, akalia. Alilia kwa Kiswahili na kwa Kisukuma chake cha sokoni, akimtaja kijana yule kwa chai yake na uongo wake wa sukari, na wanawake waliokuwa hawajui kisa kile wakacheka katikati ya kilio, kisha wakalia zaidi. Halafu akanipa mtungi wetu wa maji kupitia dirishani. Nilimpelekea Mayu kwa magoti. Alikunywa, akampa jirani yake, na mtungi ukazunguka mpaka ukarudi mtupu.

Jua lilipopanda waliinuka. Wakakung'uta mikeka, wakachukua vyungu vyao. Desturi ilikuwa kwamba anayetoka matangani huuzima moto, humwaga maji na kutawanya magogo, ndipo anakwenda. Nilisimama nikisubiri wauzime. Mayu aliupita. Waliomfuata nao waliupita, kila mmoja ameangalia mbele kama watu wanaowahi soko. Wa mwisho alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Alitua kidogo, akasogeza gogo moja likae vizuri, akaondoka.

Hakuna aliyetupatia moto. Amri ya wazee ilikuwa haijatanguliwa bado, na wote waliifuata. Waliusahau tu, kijiji kizima cha wanawake wenye akili timamu.

Msomi alikuwa amesimama nje ya uzio. Nilimwuliza ataandika nini. Alisema hajui, ila atarudi kuwafundisha wanafunzi wake wasiishie kwenye jibu. Aliondoka siku chache baadaye kwa lori la pamba, na mkoba wake ulikuwa umejaa karanga za Mayu juu ya penseli zake.

Wazee walitangua amri yao baadaye, wakati hakuna tena aliyekuwa akiikumbuka. Mtama ulivunwa, na wa kwetu walikuja kuvuna wao. Moto ule mama hakuuacha ufe. Aliutunza jivuni mpaka mwisho wa eda, na kila aliyekuja kuomba kaa alimpa la kwenye moto ule ule.

Eda ilipokwisha alioga, akavaa khanga mpya niliyomletea kutoka Kahama. Nilidhani atakwenda kwanza kaburini kwa baba, mahali alipokuwa akipatazama kutoka dirishani muda wote ule. Nilikuwa nimeshavaa viatu nimsindikize. Alichukua ndoo badala yake. Alikwenda kisimani mwenyewe, mara ya kwanza tangu afiwe, akateka, akajitwisha, akavuka njia huku maji yakimdondokea mabegani. Alipiga goti mlangoni kwa Mayu na kuitua ndoo.

"Nimeleta maji ya msiba," alisema. "Nimechelewa."

Mayu aliinamia ile ndoo akanywa kwa kiganja chake. Kisha akaingia ndani akatoka na kikombe, akakijaza maji, akampa mama.

"Wabeja," alishukuru. "Tulikuwa tunakusubiri."